Mtoto hasemi kilicho moyoni? Usimhoji, cheza naye

Vuta picha hii, mzazi. Ni usiku wa manane, mvua ya masika inapiga bati. Mtoto wako wa miaka tisa ameamka, amekaa kitako, anasikiliza. Halii. Asubuhi unakuta mkeka umelowa, naye alishaacha kukojoa kitandani miaka mitatu iliyopita. Unamuuliza, "Una nini mwanangu?" Anatazama chini. "Sina kitu."

Unauliza tena, kwa ukali kidogo. Jibu ni lile lile.

Kwa familia za Kibiti na Rufiji, picha hii si ngeni. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, maji yakaingia majumbani na mashambani, familia zikahama zikiwa na kile tu walichoweza kubeba kichwani. Mwanzoni mwa Mei, wakati watu hawajakaa sawa, kikaja kimbunga Hidaya kikaitikisa pwani yetu na kisiwa cha Mafia. Watu wazima walihesabu hasara: gunia za mpunga, mabati, kuku, ekari. Hasara ya mtoto haikuandikwa kwenye daftari lolote. Nani ataandika kwamba mtoto huyu sasa anaogopa kupanda mtumbwi?

Wiki hii tuzungumzie namna ya kufungua moyo wa mtoto ambaye maswali yameshindwa kumfungua. Njia yenyewe haihitaji dawa wala fedha. Ni mchezo wa pamoja, ule ambao kila aliyepo anashiriki kwa mwili na sauti, mzazi akiwemo.

Kwa nini swali linagonga mwamba

Zipo sababu kadhaa, na hakuna hata moja inayotokana na ukaidi wa mtoto.

Kwanza, mtoto mdogo hana maneno ya kutosha. Hofu, huzuni, hasira na aibu kwake vyote vinaweza kutoka kwa sentensi moja: "Tumbo linaniuma." Mama anampa dawa ya minyoo, tumbo linaendelea.

Pili, malezi yetu. Mtoto akiitwa na mkubwa na kuulizwa swali, mara nyingi kuna kosa linatafutwa. Kwa hiyo hata ukimuuliza kwa upendo, yeye anasikia mahojiano.

Tatu, watoto wanatulinda. Mtoto aliyemwona mama yake akilia shambani juu ya mpunga uliosombwa hataki kumwongezea mzigo. Ananyamaza ili mama apumzike.

Nne, hofu hukaa mwilini. Moyo unadunda, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, usingizi unakatika. Kitu kilichokaa mwilini hakitoki kirahisi kwa maelezo. Kinahitaji mwili nao ufanye kazi.

Hapo ndipo mchezo unapoingia. Kwenye mchezo mtoto haulizwi. Anafanya. Na akifanya, utaona yale ambayo asingeweza kukwambia.

Pwani tunaijua njia hii

Kuna mzazi atakayesema haya ni mambo ya mashirika na semina. Hapana. Bibi zetu walikuwa nayo.

Neno lenyewe ngoma linatosha kutuonyesha. Kwa Kiswahili ngoma ni chombo kinachopigwa, ni uchezaji, na pia ni shughuli nzima yenye watu wake na sababu yake. Mtafiti John Janzen wa Marekani, katika kitabu chake kuhusu ngoma kilichotoka mwaka 1992, alieleza ngoma za uponyaji kuanzia Kinshasa na Dar es Salaam hadi Mbabane na Cape Town. Jambo moja linajitokeza: katika ngoma hizo anayeumwa haketi pembeni akisubiri kutibiwa. Anaingia katikati, anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia. Mateso yake yanapata sauti, na sauti hiyo inabebwa na watu wengi.

Simwambii mtu aende kwa mganga. Kila nyumba ina imani yake. Ninachosema ni kwamba kubeba hisia kwa pamoja, kwa sauti na kwa mwili, si jambo tulilofundishwa na wageni.

Tazama unyago. Watu wa Pwani tunasema "kumcheza mwali". Kungwi hamketishi msichana darasani amsomee. Mafunzo yanakuja kwa nyimbo, vitendo, mafumbo na uchezaji, akiwa amezungukwa na wanawake waliopita njia hiyo hiyo. Ndiyo maana mtu mzima anasahau somo la darasa la tano lakini wimbo wa mkoleni anaukumbuka hadi uzeeni. Sifumbii macho upande wa pili: kuna mabinti wanaochezwa wakiwa wadogo mno, wanafundishwa mambo yasiyolingana na umri wao, na wengine wanakosa shule. Hayo hayafai na lazima yaachwe. Lakini namna ya kufundisha, kwamba unajifunza kwa kuingia ndani ya jambo pamoja na wenzako, ni hazina.

Tazama pia msiba. Majirani wanajaa, mikeka inatandikwa, wengine wanachota maji, wengine wanapika, wengine wanasoma dua. Huzuni inagawanywa. Lakini mtoto tunamfanyaje? Tunampeleka kwa jirani na kumwambia babu "amesafiri". Tunamtoa nje ya duara lile lile linalotuponya sisi, kisha tunashangaa kwa nini miezi mitatu baadaye bado anauliza babu anarudi lini. Mtoto anaweza kupewa kazi ndogo msibani, kupanga viatu au kugawa vikombe, na akaambiwa ukweli kwa maneno mafupi: babu amefariki, hatarudi, tunahuzunika wote.

Walioigeuza kuwa somo

Tanzania ina historia ndefu ya kutumia sanaa shirikishi. Miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama, walifanya kazi hiyo vijijini: Malya huko Mwanza, Mkambalani Morogoro, na Msoga, ambayo ipo hapa hapa mkoani Pwani. Hawakupeleka maigizo yaliyokwisha kutungwa. Wanakijiji wenyewe walitafuta tatizo linalowasumbua, wakaligeuza kuwa ngoma na igizo, wakalionyesha, kisha wakalijadili.

Mwaka 1996 Profesa Mlama na Profesa Amandina Lihamba wakaanzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walikaa pamoja, wakataja yanayowakwaza shuleni na nyumbani, wakayaigiza mbele ya wanafunzi wenzao na walimu. Msichana ambaye asingethubutu kumwambia mwalimu mkuu jambo fulani ana kwa ana, aliweza kulisema akiwa ndani ya igizo. Mpango huo baadaye ulienea katika nchi nyingine za Afrika kupitia shirika la FAWE.

Augusto Boal wa Brazil alijulikana tangu miaka ya 1970 kwa igizo ambalo mtazamaji anaruhusiwa kulisimamisha. Anapanda jukwaani, anachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Hakuna anayebaki kuwa mtazamaji tu. Tutautumia mtindo huo hapa chini.

Na sayansi inasemaje? Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Brazil waliochezeshwa dansi kwa makundi. Waliocheza kwa kufuatana, hatua kwa hatua, walivumilia maumivu zaidi na kujiona wako karibu zaidi na wenzao kuliko waliocheza kila mtu kivyake. Mcheza ngoma yeyote wa Ikwiriri angekwambia hivyo, lakini ni vizuri pia kupimwa.

Michezo mitatu ya kuanza nayo

Hii inafaa jioni, nje ya nyumba au barazani, watu wanne hadi kumi. Shangazi, mjomba, bibi, watoto wa jirani, wote waje. Zimeni redio, wekeni simu ndani.

*1. Ngoma ya mvua.* Kaeni duara. Kila mtu awe na kitu cha kupiga: ndoo, debe, sufuria kuukuu, au mapaja yake. Mtoto mmoja anakuwa mwenye mvua. Akigusa kwa kidole kimoja, wote mnagusa kwa kidole kimoja: manyunyu. Akiongeza vidole, mvua inaongezeka. Akipiga kwa viganja, dhoruba. Akiinua mkono juu, wote kimya.

Mchezo unaonekana wa kitoto, lakini angalia kinachotokea. Siku ya mafuriko mtoto hakuwa na uamuzi wowote. Maji yalikuja, akabebwa, akapelekwa. Kwenye mchezo huu mvua inakuja anapotaka na inakoma anapoinua mkono, na watu wazima wote wanamtii. Mwili wake unajifunza kwamba kishindo kinaweza kupanda na kinaweza kushuka. Mkimaliza, rudini kwenye manyunyu, kisha pumueni taratibu mara tano kwa pamoja. Mwisho uwe wa utulivu siku zote.

*2. Sanamu.* Mmoja anataja hisia: hofu, hasira, furaha, aibu, kukumbuka nyumbani. Kila mtu anaugeuza mwili wake kuwa sanamu ya hisia hiyo na kutulia kimya. Kisha chagueni sanamu moja na kuuliza: "Sanamu hii ingependa kufanyiwa nini?" Watoto watakuja kuisogelea. Mmoja ataishika bega, mwingine atakaa karibu yake, mwingine ataiinua uso.

Hapo mzazi nyamaza, utazame. Mtoto anayeisogelea sanamu ya hofu na kuikumbatia anakuonyesha anachotaka yeye. Na wewe baba, fanya sanamu yako. Mtoto wa kiume akimwona baba yake amejikunyata kwa hofu, hata kwa mchezo, anapata ruhusa ambayo maneno "mwanaume halii" yalimnyima.

*3. Simama!* Igizeni kisa kifupi cha dakika mbili kinachofanana na maisha yenu lakini si yenyewe. Kwa mfano: mtoto amelowesha mkeka, mkubwa anafoka mbele ya wengine. Au: familia inataka kuvuka kwa mtumbwi, mtoto mmoja anakataa kupanda, wenzake wanamcheka. Kila aliyepo ana haki ya kusema "Simama!" Aliyesema anaingia, anachukua nafasi ya mhusika na kujaribu kufanya tofauti. Igizo linarudiwa.

Mpe mtoto nafasi ya kuigiza mzazi, nawe uigize mtoto. Jiandae. Unaweza kusikia maneno yako mwenyewe yakirudi, kwa sauti ile ile na kidole kile kile. Usikasirike wala usijitetee. Cheka nao, kisha sema "Simama!" ujaribu njia nyingine mbele yao.

Kwa walio na watoto wadogo zaidi, hadithi ya "Paukwa!" "Pakawa!" inatosha. Ila usisimulie peke yako. Fika mahali sungura amekwama juu ya kichuguu, maji yamemzunguka, uwaulize: "Sungura anajisikiaje? Afanye nini?" Watoto waimalizie.

Mipaka ambayo usiivuke

Mchezo wenye nguvu unaweza pia kuumiza ukichezwa vibaya. Zingatia haya.

Usimlazimishe mtoto. Anayetaka kukaa pembeni na kutazama, akae. Kesho anaweza kuingia mwenyewe. Kila mchezaji awe na neno la kutoka, na akilisema hakuna kuulizwa kwa nini.

Usirudie tukio lenyewe. Usimwambie mtoto aliyenusurika kuzama, "Tuonyeshe ulivyozama." Shirika la Afya Duniani halipendekezi watu waliotoka kwenye janga waketishwe na kushurutishwa kusimulia kila kitu. Kisa kiwe cha mtu mwingine, cha sungura, cha kijiji kisicho na jina. Mtoto akitaka kuingiza cha kwake, ataingiza mwenyewe kwa kiasi anachokimudu.

Usimrekodi. Najua simu zipo mkononi na machozi ya mtoto yanapata maoni mengi kwenye stetasi. Lakini mtoto aliyefungua moyo wake barazani kisha akajikuta kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hataufungua tena.

Usitumie alichoonyesha kama ushahidi. Akiigiza mama mkali, usimwadhibu kesho yake. Na asiyekojoa kitandani asimcheke anayekojoa. Kukojoa kitandani baada ya janga hakuponi kwa fimbo wala kwa kuanikiwa mkeka hadharani. Adhabu inaongeza hofu, na hofu ndiyo inayolowesha mkeka.

Maliza kwa furaha. Wimbo, chai, viazi vya kuchoma, chochote. Usimpeleke mtoto kulala akiwa katikati ya dhoruba.

Ukimya wa miaka ile

Kwa wilaya zetu kuna jambo jingine linalohitaji upole. Kati ya mwaka 2015 na 2017 watu kadhaa waliuawa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wakiwemo viongozi wa vijiji na vitongoji. Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa wilayani Kibiti katika shambulio moja. Watu walijifungia ndani mapema. Kuzungumza kulikuwa hatari, na kunyamaza kulikuwa usalama.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 wakati ule sasa ni kijana, na wengine tayari wana watoto wao. Walijifunza utotoni kwamba jambo la kuogofya halisemwi. Somo lile liliwalinda siku zile, lakini leo linaweza kumfanya baba kijana asijue la kusema mwanawe anapoamka usiku akitetemeka. Anachojua ni "Nyamaza, lala."

Kwa makovu ya namna hiyo sishauri igizo la hadharani. Usitaje watu wala matukio. Lakini ngoma ya mvua haimtaji mtu. Sanamu ya hofu haimtaji mtu. Hadithi ya fisi aliyezunguka kijiji usiku, na wanyama waliokaa pamoja hadi alfajiri, haimshtaki yeyote. Wazee wetu walijua kazi ya fumbo: linamruhusu mtu kuigusa hofu yake bila kuhatarisha jina la mtu.

Wakati mchezo hautoshi

Watoto wengi hurejea hali yao taratibu wakiwa na usalama, ratiba inayoeleweka na watu wanaowapenda. Mchezo unasaidia safari hiyo. Haubadilishi matibabu.

Mpeleke mtoto zahanati au kituo cha afya ukiona dalili zinazoendelea zaidi ya mwezi: halali, hali vizuri, amekataa kabisa shule, amejitenga na wenzake, amerudia tabia za utoto mdogo, au anashtuka kupita kiasi kwa sauti ndogo. Mweleze mhudumu kila kitu, hata lile unaloona aibu. Omba pia kuonana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, ni bure.

Mtoto akisema anatamani kufa, au akijaribu kujiumiza, usisubiri mwezi. Nenda siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake. Vivyo hivyo, kama mchezo umefichua kwamba kuna mtu anamdhuru, mwambie umemwamini, kisha toa taarifa. Usirudi kumhoji mbele ya anayemtuhumu.

Na wewe mzazi je? Uliyepoteza shamba, uliyelala na watoto kwenye hema, uliyewahi kukimbia usiku? Duara hilo ni lako pia. Watoto wanasoma nyuso zetu kabla ya maneno yetu, na mama aliyepiga debe kwa nguvu zake zote kwa dakika kumi akacheka mwishoni amewafundisha jambo ambalo mimi nisingeweza kuliandika hapa.

Anza na wiki moja, jioni mbili, dakika 20 kila jioni. Usitarajie maajabu siku ya kwanza. Siku ya kwanza watacheka tu, na wakubwa wataona haya. Siku ya pili au ya tatu, mtoto mmoja atainua mkono kuikomesha mvua, nanyi wote mtanyamaza. Usiwahi kusema neno. Mwache akae kidogo na ukimya huo, kwa kuwa safari hii ameuchagua mwenyewe.